Mwerezi ni mti gani hasa? Mti wa Lebanoni, unavyooteshwa na unavyotajwa katika Maandiko ya Kiebrania

Ukiulizia mwerezi Limuru, utaonyeshwa mtarakwa uliochanwa kuwa posti za uzio. Ukiulizia Lushoto, utapelekwa kwenye mwangati, ambao ni mtarakwa huo huo kwa jina la Kisambaa. Kwenye vitalu vingine utauziwa mche wa msedrela, mti wa majani mapana uliotoka Amerika. Na Desemba ikifika, wapo watakaokuapia kwamba msaiprasi uliosimama sebuleni na taa zake ndio ule ule wa Zaburi. Jina ni moja, miti ni mitatu, na hakuna hata mmoja kati yake ambao mfalme Hiramu wa Tiro alimpelekea Sulemani ajengee hekalu.

Tusimlaumu mtu. Neno mwerezi liliingia katika Biblia ya Kiswahili kwa kufuata Kiebrania, erez, ambalo ni ndugu wa arz la Kiarabu. Msomaji alipewa jina bila kuonyeshwa mti, naye akalibandika kwenye mti wa karibu wenye harufu nzuri na mbao zisizoliwa na mchwa. Kosa hilo haliharibu imani ya mtu, ila linamkosesha utamu wa maneno. Waandishi wa Kiebrania waliutaja mti huu zaidi ya mara 70, na waliutaja kama watu wanaozijua tabia zake: unaota wapi, unakua kwa kasi gani, unafanyaje ukikatwa.

Tuanze na majina. Katika makala haya, mwerezi ni Cedrus libani, mti wa milima ya Lebanoni, Syria na hasa kusini mwa Uturuki, kwenye safu ya Taurus, ambako leo ndiko kuliko na misitu mingi zaidi ya mti huu. Una ndugu watatu wa damu: mmoja wa Moroko na Aljeria, mmoja wa kisiwa cha Kupro, na mmoja wa Himalaya ambao Wahindi huuita deodar, yaani mti wa miungu. Wote wamo katika ukoo wa misonobari, ile tunayozoea kuiita paina. Mtarakwa, Juniperus procera, uko katika ukoo wa misaiprasi. Mwerezi na mtarakwa ni kama mbwa na paka: kwa mbali utasema wamefanana, wote wana manyoya na meno makali, lakini koo zao ni mbili. Msedrela hauna hata undugu huo wa mbali. Huo ni wa ukoo wa mwarobaini na mkangazi.

Kuutambua si kazi ya mtaalamu. Shika tawi la mwerezi ulitazame kwa karibu. Majani yake ni sindano fupi, urefu wa sentimita 1 hadi 3, na kwenye vitawi vilivyokomaa hazikupangwa moja moja bali zimefungamana 20 hadi 40 kwenye kijichipukizi kimoja kifupi kama kidole cha mtoto, zikatawanyika duara mithili ya nywele za brashi. Tawi zima linaonekana kama lililopangwa brashi ndogo ndogo mgongoni. Mtarakwa hauna kitu hicho: majani yake yakikomaa ni magamba madogo yaliyobana kijiti kama ngozi ya mjusi. Kisha tafuta tunda. Koni za mwerezi husimama wima juu ya tawi kama mayai kwenye trei, zina umbo la pipa, urefu wa sentimita 8 hadi 12. Mtarakwa huzaa vitunda vya mviringo, vidogo kuliko harage, vya rangi ya zambarau iliyofifia, na ndege huvila. Ukiona kitunda cha namna hiyo, funga mjadala.

Umbo la mti zima ndilo linalowachanganya hata waliowahi kuona bendera ya Lebanoni. Mwerezi wa bendera ni mpana juu, matawi yamelala ngazi kwa ngazi kama sahani. Huo ni mzee. Mwerezi kijana una umbo la pia, umechongoka kileleni, na kwa miongo kadhaa mtu angeudhania mti wa Krismasi. Ubapa huja na uzee.

Sasa, kwa nini wafalme waliuhangaikia hivyo? Jibu la haraka ni harufu na kutooza, na ni kweli: kiini cha mbao yake ni chekundu chenye utomvu wa harufu, na wadudu hawakipendi. Lakini jibu zito zaidi ni la fundi wa kuezeka. Anayezijua nyumba za mawe za Lamu au Mji Mkongwe atalielewa mara moja. Vyumba vya nyumba zile ni virefu lakini vyembamba, upana wake hauzidi sana mita mbili na nusu, kwa sababu dari zilishikiliwa na boriti za mikoko, na boriti haikuruhusu zaidi. Mti ndio uliomwambia tajiri chumba chake kiwe na upana gani.

Yerusalemu ilikuwa na shida hiyo hiyo. Miti ya karibu ilikuwa mizeituni, ambayo imepindapinda, mialoni mifupi, na mikuyu, iliyotoa mbao nyepesi za kuezekea nyumba za kawaida. Hekalu la Sulemani, kwa vipimo vya 1 Wafalme 6, lilikuwa na urefu wa mikono 60, upana 20 na kimo 30. Mkono mmoja ukiuhesabu kuwa sentimita 45, upana huo ni mita 9. Ili kuvusha mita 9 kutoka ukuta hadi ukuta unahitaji mti ulionyooka, mrefu na wenye nguvu, na wingi wa miti kama hiyo. Mwerezi kwenye msitu mnene hupanda hadi mita 30 na zaidi, shina likiwa limenyooka. Haukuota kwa asili katika nchi ya Israeli, wala Yuda. Kila boriti ilinunuliwa nje.

Bei yake imeandikwa. Kwa mujibu wa 1 Wafalme 5, Sulemani alimlipa Hiramu kori 20,000 za ngano kila mwaka, pamoja na mafuta ya zeituni. Kori ni kipimo kinachokadiriwa kuwa kama lita 220. Piga hesabu, unapata lita milioni 4.4, yaani magunia zaidi ya 37,000 ya kilo 90, mwaka baada ya mwaka. Juu yake kulikuwa na nguvu za watu: shokoa, yaani kazi ya lazima, la wanaume 30,000, wakienda Lebanoni 10,000 kwa zamu, mwezi mmoja porini na miezi miwili nyumbani. Magogo yalishushwa hadi pwani, yakafungwa pamoja kuwa vyelezo, yakakokotwa baharini hadi Yafa, kisha yakapandishwa Yerusalemu, kama kilomita 60 za kupanda hadi mwinuko wa takribani mita 750. Hapo ndipo unapoelewa uzito wa maneno ya 1 Wafalme 10:27, kwamba Sulemani aliifanya mierezi kuwa mingi kama mikuyu ya nyanda za chini. Ni kama kusema tajiri fulani ametumia mninga kuwashia jiko.

Ndani ya hekalu kuta zote zilifunikwa mbao za mwerezi hata jiwe lisionekane. Na baada ya miaka 7 ya kujenga hekalu, mfalme alitumia miaka 13 kujenga nyumba yake mwenyewe, pamoja na jumba lililoitwa Nyumba ya Msitu wa Lebanoni, kwa wingi wa nguzo zake za mierezi. Mwandishi aliziweka namba hizo mbili zikifuatana, 7 na 13, wala hakuongeza neno. Sidhani kama ilikuwa bahati mbaya.

Tuje kwenye kuotesha, maana hapa ndipo tabia za mti zinapojitokeza.

Koni ya mwerezi huchukua kama mwaka mmoja na nusu kukomaa. Haidondoki nzima kama ya paina. Husambaratika ikiwa juu ya mti, magamba yakapeperuka na mbegu zake zenye bawa, na kinachobaki tawini ni kijiti kilichosimama kama msumari. Kwa hiyo anayesubiri kuokota koni chini ya mti ataokota magamba matupu. Wavunaji hupanda juu majira ya Oktoba na Novemba, koni zikiwa zimegeuka kahawia lakini bado zimefunga. Koni hulowekwa majini siku moja au mbili hadi magamba yalegee, kisha hunyongwa kwa mikono miwili kama anayekamua nguo, nayo hufunguka. Kila gamba hubeba mbegu mbili. Zile za kitako na za ncha ya koni kwa kawaida ni mapepe, zitupwe.

Kosa la kwanza hutokea hapa hapa. Mbegu ina vifuko vidogo vya utomvu kwenye ganda lake. Ukiifikicha kwa nguvu ili kuondoa bawa, vifuko hupasuka, na mbegu huharibika kimya kimya: kwa nje ni nzima, ukiipanda haioti. Vunja bawa kwa vidole, taratibu. Na kabla ya kununua mbegu, kata tatu nne katikati kwa wembe. Nzima ina kiini cheupe kilichojaa. Iliyokauka au yenye rangi ya kahawia ndani imekufa. Mbegu za mwerezi zina mafuta, hivyo hazivumilii kukaa kabatini. Zilizokaa mwaka mzima kwenye joto la kawaida hazifai kulipiwa.

Kisha baridi. Kwao mbegu huanguka juu ya ardhi inayokaribia kufunikwa na theluji, na huamka theluji ikiyeyuka. Bila ubaridi huo nyingi huchelewa au haziamki kabisa, na zinazoamka huota kwa kutofautiana. Asiye na theluji hutumia friji. Loweka mbegu saa 24, zichanganye na mchanga mnyevu, unyevu wa kiasi kwamba ukiukamua kiganjani hautoi tone, tia kwenye mfuko wa plastiki, weka kwenye rafu ya kawaida ya friji yenye nyuzi 3 hadi 5 kwa wiki 4 hadi 6. Si kwenye sehemu ya barafu. Fungua mfuko kila wiki uingize hewa na utazame. Mbegu ikitoa ncha nyeupe ya mzizi, hiyo haisubiri, ipande siku hiyo hiyo.

Kiriba kiwe kirefu, sentimita 25 hadi 30. Wengi hutumia viriba vya mboga, na hilo ni kosa la pili, ambalo matokeo yake huonekana miaka kumi baadaye. Mche wa mwerezi mwaka wa kwanza huhangaika na chini kuliko juu: unaweza kuona kijiti cha sentimita 6 tu juu ya udongo, kumbe mzizi mkuu umekwisha kushuka mara tatu ya hapo ukitafuta ufa wa mwamba. Ukigonga kitako cha kiriba kifupi, unajizungusha. Mche utaendelea kupendeza, utapandwa shambani, na siku moja upepo utauangusha ukiwa na kimo cha mtu, kwa sababu mzizi ulibaki fundo.

Mchanganyiko wa udongo uwe mwepesi: sehemu mbili za mchanga wa mto, mbili za udongo wa msituni, moja ya mboji iliyooza vizuri. Usitie samadi mbichi. Fukia mbegu sentimita 1. Kwenye joto la nyuzi 15 hadi 20 huchomoza baada ya wiki mbili hadi nne, na kichipukizi huja na duara la sindano likiwa bado limevaa ganda la mbegu kama kofia. Usiivue kofia hiyo kwa mkono. Adui wa wiki hizi ni kinyausi: shingo ya mche hulainika pale inapogusana na udongo, mche hulala, na kesho yake jirani zake wamelala nao. Kinaletwa na maji mengi na hewa iliyosimama. Mwagilia asubuhi, acha uso wa udongo ukauke kabla ya kurudia, tandaza changarawe laini shingoni mwa miche. Kivuli chepesi mwaka wa kwanza, baada ya hapo jua kamili, kwa sababu mwerezi uliolelewa kivulini hurefuka na kulegea.

Miche huhamishiwa shambani ikiwa na miaka miwili au mitatu. Lebanoni hupandwa mvua za kwanza zinapoanza, ili mizizi ipate msimu mzima wa unyevu kabla ya kiangazi, ambacho huko ni miezi kadhaa bila tone. Shimo la sentimita 40 hadi 50 kila upande, jiwe kubwa upande wa jua kali ili litoe kivuli na kuzuia unyevu usipotee, na uzio. Uzio si pambo. Mbuzi akila kichomozo cha kileleni, mti hupoteza miaka. Kiangazi cha kwanza, cha pili na cha tatu, mwagilia mara chache lakini kwa wingi, lita 10 hadi 20 kila baada ya wiki mbili, badala ya kikombe kila siku: maji ya juu juu hulea mizizi ya juu juu. Udongo wa mawe ya chokaa unaufaa. Kinachoua mwerezi haraka kuliko ukame ni maji yaliyotuama.

Baada ya hapo ni subira. Miaka mitano ya kwanza utadhani umesimama. Kisha huongeza kasi. Koni za kwanza huja mti ukiwa na miaka 25 hadi 40.

Ukishayajua hayo, rudi kwenye Zaburi 92:12: “Mwenye haki atasitawi kama mtende, atakua kama mwerezi wa Lebanoni.” Mshairi amechukua miti ya pande mbili za mbali: mtende wa joto la bondeni Yeriko, na mwerezi wa mlimani kwenye theluji. Mistari miwili mbele anasema watazaa hata wakati wa uzee na kujaa utomvu. Hiyo si lugha ya kupamba. Ni tabia ya mti wenyewe, unaochelewa kuzaa, ukazaa kwa karne, na utomvu wake ndio unaoilinda mbao isiliwe.

Mahubiri mengi huishia hapo kwenye sifa njema. Lakini manabii waliutumia mwerezi kwa ukali zaidi. Kwa kuwa ndio mrefu kuliko yote, ukawa picha ya mwenye kiburi. Isaya 2:13 inaitaja mierezi mirefu ya Lebanoni kati ya vitu vitakavyoshushwa. Ezekieli 31 inaisimulia Ashuru kama mwerezi ambao ndege wote walijenga kwenye matawi yake, kisha ukakatwa na kuachwa umelala mabondeni. Na Yeremia 22 inamkabili mfalme Yehoyakimu, aliyejijengea jumba lenye vyumba vipana, akalitia mbao za mwerezi na rangi nyekundu huku vibarua wake hawajalipwa: je, unatawala kwa sababu unashindana kwa mierezi? Hata Daudi alikuwa na neno hilo moyoni alipomwambia nabii Nathani kwamba yeye anakaa katika nyumba ya mierezi na sanduku la Mungu linakaa ndani ya mapazia. Mwerezi ulikuwa ni anasa, na kila aliyesikia aliijua bei.

Kuna mahali pawili ambapo mkulima anasoma vizuri kuliko mhubiri. Pa kwanza ni kisiki. Mwaloni ukikatwa huchipuka tena, na Isaya 6:13 inautumia kisiki cha mwaloni kama tumaini. Ayubu 14 nayo inausifu mti unaochipuka upya ukikatwa. Mwerezi haufanyi hivyo. Kisiki chake kimekufa, mwisho wa habari. Sasa soma mwisho wa Isaya 10, ambapo msitu unakatwa kwa chuma na Lebanoni inaanguka, halafu usisimame kwenye mpaka wa sura, maana sura ziliwekwa karne nyingi baadaye. Mstari unaofuata ni wa chipukizi kutoka katika shina la Yese, baba yake Daudi. Upande mmoja ni msitu wa fahari ambao hauna kesho, upande wa pili ni shina la ukoo mdogo linalochipuka. Kwangu hilo ndilo tumizi kali kuliko yote la mti huu katika Maandiko, na halionekani kabisa kwa anayedhani mwerezi ni mti wowote tu mkubwa.

Pa pili ni Ezekieli 17, ambapo Mungu anachuma kichomozo laini kutoka kilele cha mwerezi na kukipanda mlimani, nacho kinakuwa mti. Kila mwenye kitalu anajua jambo hilo ni gumu mno: kijiti cha mwerezi ni kigumu sana kutoa mizizi, ndiyo maana watu huotesha kwa mbegu au hubebesha. Msikilizaji wa wakati ule aliyekuwa na jembe nyumbani aliijua shida hiyo. Picha ilichaguliwa kwa sababu haiwezekani kirahisi.

Turudi sasa kwa ndugu yetu wa Limuru na mtarakwa wake, kwa sababu lisemwalo lipo. Mambo ya Walawi 14 inaagiza kipande cha mwerezi, sufu nyekundu na hisopo katika ibada ya kumtakasa mwenye ukoma, na Hesabu 19 inataja mwerezi katika kuchomwa kwa ng'ombe mwekundu. Maagizo hayo yamewekwa jangwani Sinai, mbali sana na theluji ya Lebanoni. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba hapo erez ni mti mwingine wenye harufu, Juniperus phoenicea, unaoota kwenye milima ya Sinai. Huo ni ndugu wa mtarakwa. Vivyo hivyo Hesabu 24:6 inataja mierezi kando ya maji, mahali ambapo mti wa Lebanoni haupapendi. Inaelekea Waebrania nao waliliachia jina lipanuke, kama tulivyofanya sisi. Penye Lebanoni, soma Cedrus libani bila wasiwasi. Pasipo Lebanoni, acha mlango wazi.

Mengine yanayosemwa yapite haraka. Safina ya Nuhu haikuwa ya mwerezi: Kiebrania kinasema goferi, neno lisilotokea tena popote, na Biblia ya Kiswahili ikaweka mvinje. Sanduku la Agano lilikuwa la mshita, mti wa jangwani. Kwamba mbao ya mwerezi haiozi kabisa ni chumvi: kiini chekundu hudumu mno, ile mbao nyeupe ya nje huoza kama nyingine. Lakini ikikaa pakavu, hudumu: jahazi la Farao Khufu, lililofukuliwa kando ya piramidi Giza mwaka 1954 likiwa na umri wa miaka 4,500 na urefu wa mita 43, sehemu kubwa ni mwerezi wa Lebanoni. Kuhusu mafuta ya mwerezi yanayouzwa kama mafuta ya upako kutoka Lebanoni, geuza chupa usome jina la Kilatini. Mara nyingi utakuta Cedrus atlantica wa Moroko, Cedrus deodara wa Himalaya, au Juniperus virginiana wa Marekani, ambao tena ni ndugu wa mtarakwa. Nao walioko Kanada na Marekani wasibabaishwe na uzio wa miti inayoitwa seda kila mtaa. Ile ni Thuja, jamii ya misaiprasi. Walioko Uingereza wana bahati, mwerezi wa kweli umepandwa huko kwenye bustani za majumba makubwa tangu karne ya 17, na ile mipana sana iliyokaa peke yake kwenye nyasi kwa kawaida ndiyo yenyewe.

Lebanoni kwenyewe imebaki michache. Uchache haukuanza juzi: Kaizari Hadriano, karne ya 2, alichongesha maandishi kwenye miamba ya mlima, ambayo zaidi ya 200 yamepatikana, akizitenga aina nne za miti kuwa mali yake. Kichaka maarufu cha Bsharri kilijengewa ukuta mwaka 1876 kwa fedha za Malkia Victoria ili kuzuia mbuzi wasile miche, na mwaka 1998 kikaingia kwenye Urithi wa Dunia pamoja na bonde la Kadisha. Hifadhi kubwa zaidi ni ya Shouf, iliyotangazwa mwaka 1996. Watembezi huambiwa mierezi ya Bsharri iliona enzi za Sulemani. Mikongwe inakadiriwa kupita miaka elfu moja, na hiyo inatosha; ya miaka elfu tatu haina ushahidi. Tatizo la sasa ni theluji kupungua. Mbegu hukosa ubaridi wake, kiangazi huwahi, na wadudu hustawi: mwishoni mwa miaka ya 1990 msitu wa Tannourine ulishambuliwa vibaya na nyigu mla sindano aliyekuwa hajulikani kabisa kwa sayansi, akapewa jina la msitu huo, Cephalcia tannourinensis.

Kwa anayetaka kupanda huku kwetu: pwani na kandokando ya maziwa usijaribu, joto na unyevu vitauoza. Nyanda za juu kuanzia mita 1,800, kwenye mteremko usiotuamisha maji, unaweza kuotesha mti wa kutazama, ila usiutegemee kwa mbao wala mbegu. Mbegu za kutoka nje zinahitaji kibali cha afya ya mimea kabla hazijasafirishwa, kutoka mamlaka za afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania. Pakiti iliyoagizwa mtandaoni bila kibali hukamatwa na kuchomwa.

Anayetaka harufu na posti apande mtarakwa, mti wa kwetu tangu mwanzo, wa mita 1,500 hadi 3,000. Enzi za Wajerumani mbao zake za Shume, huko Lushoto, zilikuwa na thamani kiasi kwamba zilijengewa njia ya waya wa angani kuzishusha hadi reli ya Tanga pale Mkumbara, na nyingine zikaishia kuwa penseli. Vuna vitunda vilivyoiva, vifikiche kuondoa nyama, mimina mbegu kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea ni mapepe, na zitakuwa nyingi, kwa hiyo vuna mara tatu ya unazohitaji. Miti dume na jike ni mbalimbali, hivyo usivune kwenye mti uliosimama peke yake.